Kesi ya klarineti kwa anayevuka bahari kila wiki

*Shikamoo fundi. Napiga klarineti katika kikundi cha taarab hapa Unguja, na siku tatu kwa wiki nafundisha watoto. Klarineti yangu ni ya mbao ya mpingo, ya B-flati, aliniachia mwalimu wangu alipostaafu. Kesi yake imechoka: bawaba moja imekatika, naifunga kwa mpira wa baiskeli, na nikitembea nasikia vitu vinagongana ndani. Humo natia ridi, mausipisi mbili, stendi, grisi, kitambaa cha kufutia, nota, na mara nyingine simu na chaja. Karibu kila wiki navuka kwa boti kwenda Dar, kisha daladala au bodaboda. Mwezi wa kumi na moja tumealikwa Muscat. Nina shilingi laki tatu. Mtandaoni nimeona kesi za plastiki ngumu, za kubeba mgongoni, na moja ndogo sana, nzuri mno. Nichukue ipi? Na je, uwanja wa ndege hawatanisumbua kwa sababu ya mpingo?*

Marahaba mwanangu. Ungeniuliza bei tu ningekujibu kwa mistari miwili, lakini hapo uliposema unasikia vitu vinagongana nimeona nikae chini. Mpira wa baiskeli haunipi wasiwasi hata kidogo. Nimeona kesi zimefungwa kwa kamba ya katani na klarineti ndani imelala salama miaka. Kinachonitia wasiwasi ni hicho kinachogonga, kwa sababu klarineti nyingi zinazoletwa mezani kwangu hazijaanguka popote. Zimeumizwa na vitu vilivyosafiri nazo humo humo ndani.

Kijana mmoja wa bendi ya shule aliniletea klarineti akasema imekataa sauti za chini. Kesi ilikuwa mpya, ngumu, inang'aa, baba yake alikuwa ameinunua kwa fedha nzuri. Nilipoifungua nikakuta stendi ya chuma imelazwa juu ya kipande cha chini, kwa kuwa haikuwa na mahali pengine pa kukaa, na kifuniko kimeshindiliwa hadi kikafunga. Unakijua kile kiulimi cha chuma pale kipande cha juu kinapokutana na cha chini, ambacho sisi tunakiita daraja? Kilikuwa kimepinda kiasi cha unene wa ukucha. Basi daraja linagusana mapema, pedi ya chini, kile kifuniko laini cha kuziba tundu, haikai sawasawa mahali pake, pumzi inavuja, sauti za chini zinakataa. Kazi ya kulinyoosha ilinichukua dakika kumi. Yeye alikuwa amehangaika na ridi mpya, ule ulimi wa tete unaofungwa kwenye mausipisi, wiki tatu akidhani ubaya uko kwenye ridi.

Kwa hiyo kesi yoyote utakayoishika, usianze na ngozi ya nje. Ifungue. Klarineti yako ina vipande vitano: mausipisi ya kupulizia, kipipa kifupi kinachoifuata, kipande cha juu, kipande cha chini na kengele, yaani ule mdomo mpana wa mwisho. Kila kimoja kiwe na kitanda chake, kikilala kikae kwa mbao, vibonyezo viwe vinaelea bila kuguswa na kitu. Hapo ndipo kesi za bei rahisi zinapoharibu. Mtengenezaji anakata sponji mfereji mmoja wa mviringo, halafu kipande cha chini chenye vile vibonyezo virefu vya kidole kidogo kinakaa kimeegemea vyuma vyake. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya mwaka fimbo ndefu za chuma zimelegea na vibonyezo vinacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita.

Nina vipimo viwili na vyote havina gharama. Cha kwanza ni ukanda wa karatasi nyepesi, ile ya kufungia zawadi. Ulaze juu ya vibonyezo, funga kifuniko, kisha uvute pole pole. Ukitoka bila kukwama, kifuniko hakigandamizi vyuma. Ukichanika, kesi hiyo inakibonyeza chombo chako kila dakika ya safari. Ukanda huo huo ukiuweka juu ya mbao tupu, karibu na mwisho wa kipande, unatakiwa ukabwe kidogo, maana hapo ndipo kifuniko kinapotakiwa kushika. Kipimo cha pili ni sikio. Toa kila kitu kisicho klarineti, funga, iinue kesi hadi sikioni, uitikise taratibu kama unavyotikisa nazi kusikia maji. Ikae kimya. Ikisikika "tok" moja ya mbao, kipande kinatembea, na ubandike kipande chembamba cha kitambaa kizito pale mbao inapolala. Usijaze pamba wala tishu juu ya vibonyezo. Nyuzi zinaingia kwenye springi na kazi ya kuzitoa huwa naitoza bei ya hasira.

Kuhusu ukubwa, klarineti ya B-flati ikiunganishwa ina kama sentimita 66, lakini kinachoamua urefu wa kesi ni kipande cha chini peke yake, ambacho ni robo mita na ushei. Ndiyo maana zipo kesi ndogo zinazoingia kwenye mkoba wa sokoni. Kabla hujalipa, pima vipande vyako kwa rula na umuulize muuzaji vipimo vya vitanda vya ndani, kwani vipimo vya nje havikusaidii kitu. Ulizia pia mwalimu wako aliinunua wapi. Kama ni klarineti ya mfumo wa Kijerumani, ile yenye vibonyezo vingi zaidi na inayotumika Ujerumani na Austria, kesi nyingi za mtandaoni hazitaikubali, kwa sababu zimekatwa kwa mfumo wa Boehm ambao ndio ulioenea duniani. Na ukisikia mtu anauza kesi ya klarineti ya A, usishawishike: ile ni ndefu zaidi, yako itaogelea ndani.

Sasa hizo tatu ulizoziona.

Ya plastiki ngumu ni ile inayokuja na klarineti za wanafunzi. Ganda lake si baya kwa mtu anayetoka nyumbani hadi shule. Kwako tatizo ni mkono mmoja: boti inayumba, una mkoba wa nguo za onyesho, unashika ngazi, kesi iko kwenye vidole viwili. Vifungio vyake pia ni vya bati jembamba, na bati na bahari ya Zanzibar hawapatani. Tena ina ugonjwa mmoja ninaoujua kwa uchungu, kwamba juu na chini yake zinafanana. Mimi mwenyewe, fundi wa miaka yote hii, niliwahi kuifungua ya mteja ikiwa imepinduka. Kengele ikabingirika hadi chini ya kabati, kipande cha juu nikakidaka kwa paja. Yoyote utakayonunua, funga utepe mwekundu kwenye mpini upande wa juu, leo hiyo hiyo.

Ndogo nzuri mno ninaijua aina yake. Kesi za Ufaransa za BAM, kwa mfano, ni nyepesi, zina ganda gumu kweli kweli na vitanda vilivyokatwa kwa adabu. Nazipenda. Ila bei yake inaizidi laki tatu yako mbali sana, na ukiona inayofanana nayo kwa bei ya kuchekesha, ujue umeona rangi tu. Zaidi ya hayo ni ndogo kwa sababu imebeba klarineti na vitu vichache sana. Wewe unapanda jukwaani na kila kitu begani. Utainunua, halafu wiki ya pili utaanza kushindilia stendi juu ya kipande cha chini.

Ya mgongoni ndiyo ningekuchagulia, kwa sharti kwamba ndani ya kitambaa kuna mifupa. Hapa watu wengi huteleza. Zipo begi laini tupu, kitambaa na sponji, ambazo ukizikandamiza kwa kiganja zinabonyea. Hizo ni za kubebea fulana. Na zipo ambazo chini ya kitambaa kuna fremu ya mbao nyepesi au povu gumu lililobanwa. Protec wa Marekani anatengeneza za namna hiyo, na wapo wengine. Weka kiganja juu ya kifuniko, egemea kwa uzito wa mkono. Ikikuzuia, nzuri. Kama unanunua mtandaoni, mwombe muuzaji akupigie picha kesi ikiwa wazi, na nyingine ya upande wa zipu. Zipu iwe ya plastiki yenye meno mapana. Ya chuma, baada ya miezi michache ya chumvi, utaivuta na koleo.

Mikanda nayo iangalie pale inapoungana na kesi. Vile vipete vya chuma vishonwe kwenye fremu kwa ukanda unaozunguka. Vikiwa vimeshonwa kwenye kitambaa tu, utavisikia vikichanika siku ya mvua, ukiwa na haraka, kwenye ngazi ya boti. Kwa nini iwe siku hiyo, sijui, lakini huwa siku hiyo.

Nikiacha kesi yenyewe, habari kubwa ni hivyo vingine ulivyoniorodheshea. Ndani ya chumba cha klarineti kiingie klarineti, mausipisi unayopigia ikiwa imevaa kofia yake, na kitu kimoja cha ziada kama kimewekewa kitanda. Basi. Simu na chaja ziondoke kabisa leo. Ni vizito, vina pembe, na chaja ina zile pini za shaba zinazokwangua mbao. Stendi ya klarineti tafuta ile ambayo miguu yake inakunjika ikaingia ndani ya kengele. Ifunge kwanza kwenye soksi ndipo uiingize. Nota ziende kwenye mfuko wa nje ulio bapa, nazo zisizidi zile za onyesho la siku hiyo. Nimeona mtu amejaza mfuko wa nje jalada zima la nyimbo za kikundi, kesi ikavimba kama samaki bunju, na kifuniko kikawa kinabonyea kuelekea ndani.

Kitambaa cha kufutia ndicho watu wananibishia. Baada ya kupiga, unakipitisha ndani ya klarineti, kinatoka na maji, halafu unakikunja unakifungia humo humo. Umefanya nini sasa? Umeyatoa maji ndani ya bomba ukayaweka chumba cha pili. Unguja, ambako hata chumvi ya mezani inalowa yenyewe, kesi ya namna hiyo inaota ukungu ndani ya siku chache, pedi zinavimba, na koki, yale magome laini ya kwenye viungio, zinanuka. Kitambaa kikae mfuko wa nje, au kining'inie kwenye mkanda kikauke ukiwa safarini. Nakining'iniza changu hivyo, wajukuu wananicheka.

Ridi nazo zinataka nyumba yao. Ridi ni tete, jamii ya yale yale matete unayoyaona kando ya maji, na tete likilowa na kukauka bila kulazwa sawa linajikunja. Kile kiboksi cha plastiki cha kila ridi moja kinatosha kwa ridi mpya. Zile unazopigia zilaze kwenye kijaluba chenye uso bapa wa kioo au plastiki laini, chenye upenyo wa hewa, tano au sita, uzibadilishe kwa zamu. Usiache ridi kwenye mausipisi usiku. Mausipisi ya pili nayo, ile ya akiba, ivae kofia na kuwekwa kwenye kifuko cha kitambaa. Ncha yake ni nyembamba kiasi kwamba ikigongwa na kopo la grisi tu inatoka kipande, na hilo mimi silitengenezi. Hakuna anayelitengeneza likarudi kama zamani.

Kwa hivyo vidogo vyote, yaani ridi, grisi, karatasi za sigara za kukaushia pedi na bisibisi ndogo, mwone fundi cherehani akushonee kijimkoba chenye mifuko midogo, kinachoingia mfuko wa nje wa kesi. Kitakugharimu kidogo na utapanda jukwaani na kijimkoba hicho tu.

Boti sasa. Usiikubali kesi iende kwenye rundo la mizigo mbele, wala usikae nayo sitaha ya juu juani. Kesi nyeusi inakunywa joto. Sisi mafundi tunapanga pedi kwa kuipasha moto gundi yake hadi ilainike, na jua nalo linaweza kuifanya kazi hiyo bila kukuomba ruhusa: pedi inahama kidogo, unafika Dar klarineti inavuja. Ndani ya daladala kaa mbali na kile kifuniko cha injini karibu na dereva. Kwenye gari lililoegeshwa juani usiiache hata kwa muda wa kula chipsi. Mkirudi nyumbani, jioni ya siku ya safari, futa zipu na vyuma vya nje kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, kausha, mara moja kwa mwezi pitisha mshumaa kwenye meno ya zipu. Vifungio vya chuma tone moja la mafuta ya cherehani.

Muscat ndiyo ngoma nyingine. Klarineti yako imezoea unyevu wa pwani. Utaitoa huko, utaiingiza kwenye ndege ambako hewa ni kavu, kisha hotelini ambako kiyoyozi hakizimwi. Mpingo ni mzito, unazama majini, lakini bado ni mbao: ukikauka unasinyaa, na ukikauka haraka upande mmoja unapasuka, mara nyingi kipande cha juu, karibu na matundu yale ya karibu na kipipa. Dalili ya kwanza ni pete za chuma kwenye kipipa na kengele. Zishike uzizungushe kwa vidole. Zikizunguka, mbao imeanza kukauka. Nunua vifuko vya kulinda unyevu, Boveda wanavitengeneza, na kwa ala za mbao chagua vya unyevu wa asilimia 49. Kimoja ndani ya kesi, kwenye kifuko chake cha kitambaa, kisiguse mbao. Vinafanya kazi kama kesi inafunga vizuri, kwa hiyo mpira wako wa baiskeli hapo utashindwa. Vile vijipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya usivipeleke Muscat. Vinakunywa unyevu tu, havirudishi, na huko utakuwa unahitaji kurudishiwa. Hotelini kesi isikae mkabala na kiyoyozi, na ukitoka nje kwenye joto iache ndani ya kesi iliyofungwa robo saa kabla ya kupiga.

Mpingo usikukoseshe usingizi. Ni kweli kwamba tarehe 2 Januari 2017 karibu jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambamo mpingo wetu umo, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na wanamuziki wengi walipata taharuki. Hata wakati ule msafiri mwenye ala yake binafsi hakuwa mlengwa, kwani mizigo isiyo ya biashara chini ya kilo 10 ilisamehewa, na klarineti yako haifiki hata kilo moja. Kisha tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika, na sehemu zake, zimeondolewa kabisa kwenye masharti hayo. Kichekesho ni kwamba mbao hiyo huenda ilikatwa Kilwa au Lindi, ikapelekwa Ulaya, ikachongwa, na leo wewe unauliza kama utaruhusiwa kutoka nayo.

Watakachokuuliza uwanjani ni kingine. Kwenye mashine ya ukaguzi klarineti iliyofunguliwa ni mirija myeusi mitano yenye vyuma vingi, na mkaguzi ana haki ya kushangaa. Kesi iliyopangwa, inayofunguka kwa zipu moja bila vitu kumwagika, utaimaliza kwa nusu dakika. Bisibisi iende mzigo wa chini. Piga picha ya klarineti na namba yake, iliyochongwa kwenye kipande cha juu, uwe nayo simuni, pamoja na barua ya kikundi inayosema hiki ni chombo cha kazi na kinarudi. Klarineti yenyewe panda nayo ndani, usiikabidhi kaunta. Mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 mkononi na hata kesi yenye mifupa, ikiwa na kila kitu, kwa kawaida haifiki nusu ya hizo.

Hesabu ya laki tatu, basi. Ukiongeza usafiri na ushuru, kesi ya mgongoni yenye fremu inaweza kukubana, kwa hiyo anza kwa kuuliza kama kuna mwenzenu wa kikundi anayesafiri na kurudi, akubebee. Ikipita bei, usinunue ya nafuu ili mradi umenunua. Hiyo kesi ya zamani ilikatwa kwa ajili ya klarineti hiyo hiyo, na vitanda vyake huenda ni bora kuliko vya nyingi mpya. Mpelekee seremala abadilishe bawaba zote mbili na vifungio, atumie skrubu fupi ambazo hazitokezi ndani. Kagua mahameli kwa tochi: ukiona vumbi kama unga wa ngano au maganda madogo madogo, kuna wadudu wanaokula kitambaa cha pedi, na hapo ng'oa mahameli yote, anika boksi tupu juani siku mbili, ubandike kitambaa kipya. Kisha fundi wa mabegi akushonee gamba la turubai lenye mikanda miwili ya mgongoni na mfuko mmoja wa nje. Nimewafanyia hivyo watu kadhaa, na mmoja wao alikataa kuibadilisha hata alipopata pesa.

Na bodaboda, kwa kuwa najua hutaacha: mikanda ivae kifuani, kesi iwe kati yako na mgongo wa dereva. Ikiwa nyuma, kila breki ya gari lililo nyuma yenu utaisikilizia mgongoni, na mwendesha boda anayepenya foleni ya Kariakoo hajui upana wa klarineti yako.